Aina za Vigeu na Namna ya Kuonyesha Data: Mwongozo Kamili, Kuanzia Daftari Hadi Grafu

Mhudumu wa afya anayepima lishe ya watoto wa miezi 6 hadi 59 hubeba mkanda mwembamba wenye rangi tatu. Huuzungusha kwenye mkono wa juu wa kushoto wa mtoto, katikati ya bega na kiwiko, huuvuta hadi ukae bila kubana wala kulegea, kisha husoma alama inayojitokeza kwenye kidirisha chake. Mzunguko ulio chini ya milimita 115 huangukia kwenye nyekundu, yaani utapiamlo mkali. Kuanzia milimita 115 hadi chini ya 125 ni njano, yaani utapiamlo wa kadiri. Na kuanzia 125 kwenda juu ni kijani.

Katika kipimo hicho kimoja zinapatikana data za aina mbili: namba na rangi. Mhudumu aliyesimama mbele ya mama na mtoto anahitaji rangi, kwa sababu rangi humwambia papo hapo kama mtoto apelekwe kituoni, afuatiliwe kwa karibu, au arudi nyumbani na ushauri wa kawaida. Daftari linahitaji namba. Niliwahi kukabidhiwa daftari la mradi mmoja wa lishe ambalo safu ya mkono ilijaa herufi tupu: N, K, N, N, K. Aliyebuni fomu alikusudia kuandikwe herufi ya kwanza ya kila rangi, wala hakutambua kwamba nyekundu na njano zote zinaanza na N. Watoto walikuwa wamekwisha kwenda zao, na hapakuwa na hesabu ya kuwatenganisha tena wale wa hatari kubwa na wale wa hatari ya kadiri.

Kosa hilo lilitokea kabla ya grafu yoyote kuchorwa, na ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye daftari. Mifano ya watoto nimeitunga kwa ajili ya mazoezi. Takwimu za sensa ni za kweli, kutoka Tanzania na Kenya.

Hatua ya 1: Amua ni nani au nini kinachochukua mstari mmoja

Daftari la data lina mistari inayokwenda mlalo na safu zinazoshuka wima. Kila mstari ni wa kitu kimoja kinachochunguzwa, na kila safu ni ya jambo moja tunalotaka kujua kuhusu kitu hicho. Jambo hilo, kwa kuwa hubadilika kutoka mtu mmoja hadi mwingine, tunaliita kigeu. Wapo pia wanaoliita kibadilika. Tazama mistari minne ya daftari letu la mazoezi:

| Namba ya kadi | Jinsi | Umri (miezi) | Elimu ya mama | Watoto katika kaya | Saa ya kupimwa | Mkono (mm) |
|---|---|---|---|---|---|---|
| 0417 | Ke | 14 | Msingi | 3 | 2:10 | 142 |
| 0418 | Me | 9 | Hajasoma | 5 | 2:25 | 124 |
| 0422 | Me | 31 | Sekondari | 2 | 2:40 | 135 |
| 0425 | Ke | 22 | Msingi | 4 | 3:05 | 118 |

Hapa mstari mmoja ni mtoto mmoja. Jambo hili linaonekana dogo, lakini fikiria mama aliyeleta watoto wawili: elimu yake itaandikwa mara mbili. Ukihesabu safu ya elimu kisha ukatangaza idadi ya akina mama waliofika sekondari, utakuwa umemhesabu mama huyo mara mbili. Unachoweza kutangaza kwa haki ni idadi ya watoto ambao mama zao walifika sekondari. Kwa hiyo, juu ya daftari, kabla ya safu ya kwanza, andika sentensi moja: «Mstari mmoja ni mtoto mmoja aliyepimwa siku hiyo.»

Hatua ya 2: Tenganisha vigeu vya sifa na vigeu vya kiasi

Kigeu cha sifa hueleza mtu yuko kundi gani: jinsi, kijiji anakotoka, chanzo cha maji ya nyumbani, elimu ya mama. Kigeu cha kiasi hueleza ni ngapi au ni kiasi gani: umri, uzito, mzunguko wa mkono, idadi ya watoto. Wengi hudhani kwamba palipo na tarakimu pana kigeu cha kiasi. Sivyo. Namba ya kadi imeandikwa kwa tarakimu, lakini ni jina tu, kama ilivyo namba ya simu au namba ya mgongoni kwa mchezaji wa mpira. Kipimo rahisi ni kujiuliza: nikijumlisha namba hizi nikatafuta wastani wake, nitapata kitu chenye maana? Wastani wa namba za kadi haumwelezi mtoto yeyote, kwa hiyo safu hiyo ni ya sifa. Ukiiingiza kwenye kompyuta, iambie programu kwamba safu hiyo ni maandishi, la sivyo 0417 itageuka 417, na siku ya kuoanisha daftari lako na la kituo utakuta kadi hazilingani.

Vigeu vya sifa vyenyewe vina namna mbili. Namna ya kwanza ni vya majina tu, ambavyo makundi yake hayana wa juu wala wa chini. Kijiji kimoja hakitangulii kingine isipokuwa kwa alfabeti. Kazi kubwa hapa ni kuhakikisha kwamba kila mtu anapata kundi lake na hakuna anayeingia katika makundi mawili. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 inatufundisha jambo hilo vizuri: kwa mara ya kwanza kigeu cha jinsi kilikuwa na makundi matatu, na matokeo yalionyesha wanaume 23,548,056, wanawake 24,014,716 na huntha, yaani watu wenye jinsi mbili, 1,524, ambao jumla yao ni watu 47,564,296. Watu hao 1,524 hawakuzaliwa mwaka 2019. Walikuwapo katika sensa zilizotangulia, ila fomu haikuwa na mahali pa kuwaandika, na kigeu kisicho na kundi la mtu humlazimisha aingie kundi lisilo lake.

Namna ya pili ni vigeu vya ngazi, ambavyo makundi yake yana mpangilio unaojulikana: hajasoma, msingi, sekondari, chuo; au nyekundu, njano, kijani. Mpangilio upo, lakini umbali kati ya ngazi moja na nyingine haujulikani, au haulingani. Kila mtu aliyesoma Tanzania anao mfano wa jambo hili kwenye cheti chake. Katika mtihani wa kidato cha nne, kwa mfumo wa pointi za masomo saba ambapo A ni pointi 1 na F ni pointi 5, divisheni ya kwanza huanzia pointi 7 hadi 17, ya pili 18 hadi 21, ya tatu 22 hadi 25, ya nne 26 hadi 33, na sifuri ni 34 na 35. Divisheni ya kwanza ina upana wa pointi 11, ya pili ina upana wa pointi 4 tu. Mwanafunzi mwenye pointi 7 na mwenye pointi 17 wanaandikwa ngazi moja ingawa wametofautiana kwa pointi 10, ilhali mwenye 17 na mwenye 18, waliotofautiana kwa pointi moja, wanatenganishwa. Anayetafuta wastani wa divisheni za darasa, akapata labda 2.6, amejumlisha hatua ambazo hazina urefu mmoja. Kwa vigeu vya ngazi, njia ya uaminifu ni kutaja idadi na asilimia ya kila ngazi, au kutaja ngazi ya katikati baada ya kuwapanga watu wote kwa utaratibu.

Kenya huzigeuza alama za KCSE, mtihani wake wa kumaliza sekondari, kuwa pointi, A ikiwa 12 na E ikiwa 1, kisha hutafuta wastani wa pointi hizo. Hilo linawezekana kwa sababu pameshaafikiwa kwamba kila hatua ihesabiwe kuwa sawa na nyingine. Silipingi, maadamu msomaji anajua kwamba usawa huo ni makubaliano ya watu.

Hatua ya 3: Katika vigeu vya kiasi, ona kama kiasi kinahesabiwa au kinapimwa

Idadi ya watoto katika kaya inahesabiwa: 2, 3, 4, na baina ya 3 na 4 hakuna kitu. Wastani wa kigeu kama hiki unaweza kuwa na desimali bila kosa lolote. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 ilipata wastani wa watu 4.3 kwa kaya. Hakuna kaya yenye watu 4.3, lakini wastani ni mali ya kundi zima na si ya kaya moja.

Mzunguko wa mkono unapimwa. Kati ya milimita 124 na 125 kuna thamani zisizo na mwisho, na tunaandika 124 kwa sababu alama za mkanda haziendi chini ya milimita moja. Uzito, urefu na umri ni wa namna hii pia. Umri unastahili uangalifu wa pekee, kwa sababu ni kigeu cha kupimwa ambacho kwa desturi tunakiandika kwa miaka iliyotimia, na kwa sababu watu hukikadiria. Wachambuzi wa idadi ya watu wanafahamu fika kwamba mahali ambapo wengi hawana vyeti vya kuzaliwa, umri unaoishia na 0 au 5 hujazana kupita kiasi. Wanacho hata kipimo chake, faharasa ya Whipple, kinachotazama watu wa miaka 23 hadi 62: 100 maana yake hakuna upendeleo wowote kwa tarakimu hizo mbili, na 500 maana yake kila mtu ametaja umri unaoishia na 0 au 5. Tabia hiyohiyo huingia kwenye mizani na kwenye mkanda wa mkono. Ukiona safu ya milimita imejaa 120, 130 na 140, mpimaji amekuwa akikadiria, na dawa yake ni kumwelekeza upya mapema, maana mchambuzi hataweza kuiponya safu hiyo baadaye.

Kuna tofauti moja zaidi katika vigeu vya kiasi, ambayo mwanasaikolojia wa Marekani S. S. Stevens aliipanga pamoja na nyingine mwaka 1946 katika ngazi nne za upimaji. Tofauti hiyo inahusu sifuri. Milimita 0 ni kutokuwapo kwa urefu kabisa, kwa hiyo milimita 140 ni mara mbili ya 70. Saa ya siku haiko hivyo, na Mswahili analiona jambo hili kwa wepesi kuliko watu wengi. Saa zetu huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, na saa za kimataifa huanzia usiku wa manane. Mtoto aliyepimwa saa 4 asubuhi hakupimwa mara mbili ya aliyepimwa saa 2; ukiziandika nyakati hizo kwa mtindo wa kimataifa zinakuwa 10:00 na 8:00, na ule uwiano wa mara mbili unatoweka. Kinachobaki kilekile katika mitindo yote miwili ni tofauti ya saa 2. Kwa vigeu vya namna hii tunaruhusiwa kutoa, lakini haturuhusiwi kusema mara mbili wala mara tatu. Muda aliosubiri mama kwenye foleni, kwa upande mwingine, una sifuri ya kweli: dakika 60 ni mara mbili ya dakika 30.

Nitaongeza onyo la kazini. Katika madaftari yetu saa za Kiswahili na za kimataifa huchanganywa hata katika ukurasa mmoja, mhudumu mmoja akiandika 3:05 na mwenzake 9:05 kwa wakati uleule. Andika juu ya safu ni saa za mtindo gani, na usikubali daftari lenye mitindo miwili.

Hatua ya 4: Andika namba ghafi, makundi yatakuja baadaye

Kutoka milimita unaweza kupata rangi wakati wowote; kutoka rangi huwezi kupata milimita. Kutoka tarehe ya kuzaliwa unaweza kupata miezi, kutoka miezi unaweza kupata miaka, na kutoka miaka unaweza kupata «chini ya miaka miwili», lakini njia hiyo haina kurudi. Kwa hiyo safu ya daftari iwe ya kipimo chenyewe kwa usahihi wote ambao chombo kinaweza kutoa, na kama rangi inahitajika, iwekewe safu ya pili, iandikwe neno zima. Vivyo hivyo kwa pointi na divisheni, na kwa kipato, ambacho fomu nyingi hukiuliza kwa mafungu mapana.

Hatua ya 5: Tengeneza jedwali la marudio kabla ya kuchora chochote

Hizi ndizo milimita za watoto wote 20 wa daftari letu la mazoezi, kwa mpangilio wa foleni: 142, 124, 135, 118, 131, 147, 126, 139, 158, 121, 134, 112, 145, 128, 138, 152, 133, 124, 141, 136.

Jedwali la marudio huonyesha kila kundi limejitokeza mara ngapi. Kwa rangi: nyekundu 1, njano 4, kijani 15, yaani asilimia 5, 20 na 75. Hakikisha kwamba jumla ni 20 na asilimia zinafika 100, na kila mara weka idadi yenyewe pembeni ya asilimia, kwa sababu asilimia 5 ya watoto 20 ni mtoto mmoja.

Kwa namba ghafi upo mchoro wa kalamu na karatasi ambao ningependa kila anayeshika daftari aujue. Unaitwa shina na majani, na ulienezwa na mwanatakwimu wa Marekani John Tukey. Chukua tarakimu mbili za mwanzo ziwe shina, na ile ya mwisho iwe jani:

11 | 2 8
12 | 1 4 4 6 8
13 | 1 3 4 5 6 8 9
14 | 1 2 5 7
15 | 2 8

Kila jani ni mtoto mmoja, na hakuna kipimo kilichopotea. Umbo linaonekana: watoto wengi wako kati ya milimita 130 na 139, na wachache pembeni. Soma sasa mstari wa 12. Watoto wawili wenye 124 ni njano. Mwenye 126 na mwenye 128 ni kijani. Jedwali la rangi liliwaweka hao wawili wa mwisho pamoja na mwenye 158, kana kwamba wote wako salama kwa kiasi kimoja. Mtoto wa milimita 126 anahitaji ugonjwa mmoja tu wa kuharisha ili avuke mpaka, na katika mchoro huu anaonekana waziwazi.

Hatua ya 6: Chagua grafu inayolingana na aina ya kigeu

Kwa kigeu cha sifa, grafu ya kwanza kufikiria ni ya pau: kila kundi na upau wake, pau zimeachana, urefu wa kila upau ukilingana na idadi. Makundi ya majina tu yapange kuanzia lenye watu wengi hadi lenye wachache ili jicho lisihangaike. Makundi ya ngazi yaache katika mpangilio wake wa asili, kwa sababu elimu iliyopangwa «msingi, chuo, hajasoma, sekondari» haisomeki hata kama pau zimeteremka vizuri.

Grafu ya pau ina sharti moja lisilojadiliwa: mhimili wa wima uanzie sifuri. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120, wanawake wakiwa 31,687,990 na wanaume 30,053,130. Wanawake wamewazidi wanaume kwa takriban asilimia 5. Sasa chora pau hizo mbili kwenye mhimili unaoanzia milioni 29. Upau wa wanaume utapata urefu wa milioni 1.05 na wa wanawake milioni 2.69, na msomaji ataondoka akiamini kwamba nchi ina wanawake zaidi ya mara mbili na nusu ya wanaume. Namba zote zilizoandikwa pembeni ni sahihi, lakini mchoro umedanganya, kwa kuwa katika pau jicho husoma urefu.

Grafu ya duara hufaa pale ambapo makundi ni machache, yanajumlika kuwa kitu kimoja, na vipande vyake vinatofautiana waziwazi. Ili kupata pembe ya kipande, gawa idadi ya kundi kwa jumla, kisha zidisha kwa 360: njano yetu ni 4 gawa kwa 20, mara 360, sawa na nyuzi 72. Ukifanya hesabu hiyo kwa huntha wa sensa ya Kenya utapata takriban nyuzi 0.01, kipande chembamba kuliko mstari wa kalamu yoyote. Watu waliosubiri kuhesabiwa watakuwa wamefutwa tena, safari hii na mchoraji. Hapo jedwali ndilo onyesho sahihi, wala hakuna aibu kuchapisha jedwali mahali ambapo grafu imeshindwa.

Kwa kigeu cha kiasi kinachopimwa tunatumia histogramu. Inafanana na grafu ya pau, lakini pau zake hugusana, kwa sababu kikundi kimoja kinapoishia ndipo kingine kinapoanzia. Ugumu wake ni kuchagua vikundi. Tukianzia 110 kwa upana wa milimita 10 tunapata marudio 2, 5, 7, 4, 2, umbo la kupendeza kama mlima mdogo. Lakini kikundi cha 120 hadi 129 kimechanganya watoto wa njano na wa kijani katika upau mmoja. Tukianzia 105 badala yake, vikundi vinakuwa 105–114, 115–124, 125–134, 135–144, 145–154 na 155–164, na marudio yake ni 1, 4, 5, 6, 3, 1. Mipaka ya pau sasa imeangukia palepale ilipo mipaka ya mkanda, na anayesoma histogramu anaweza kupaka rangi mwenyewe. Programu ya kompyuta haitakuchagulia mipaka hiyo, kwa sababu haijui 115 na 125 zina maana gani kwa mtoto. Jaribu pia upana mwingine kabla ya kuridhika: upana mdogo mno hukupa meno ya msumeno, na mkubwa mno huficha umbo.

Hatua ya 7: Wakati ukiwamo, chora mstari, na umbali wa miaka uheshimiwe

Grafu ya mstari ni ya jambo lililopimwa tena na tena kadiri muda unavyopita. Mskoti William Playfair, ambaye mwaka 1786 alichapisha grafu za mstari za biashara ya nje, alilazimika kuchora pau kwa ajili ya Scotland kwa sababu data alizokuwa nazo zilihusu mwaka mmoja tu. Bila mfululizo wa miaka hapakuwa na mstari wa kuchora. Aina ya data ndiyo iliyomchagulia grafu.

Kosa linalojirudia kila mahali ni nafasi za miaka. Sensa za Tanzania tangu Muungano zimefanyika mwaka 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022, na idadi ya watu ilikuwa takriban milioni 12.3, 17.5, 23.1, 34.4, 44.9 na 61.7. Kati ya sensa ya 1988 na ya 2002 kuna miaka 14, na kati ya nyingine kuna 10 au 11. Ukiiachia programu ya lahajedwali iichukue miaka kama majina ya makundi, itaiweka katika nafasi sawa, na kipande cha 1988–2002, chenye ongezeko la milioni 11.3, kitaonekana kupanda kwa kasi kuliko kile cha 2002–2012, chenye milioni 10.5. Gawa kwa miaka: milioni 11.3 kwa miaka 14 ni kama milioni 0.81 kwa mwaka, na milioni 10.5 kwa miaka 10 ni milioni 1.05 kwa mwaka. Ukweli ni kinyume kabisa cha mchoro. Katika programu, chagua grafu ya nukta zilizounganishwa kwa mistari, ambayo huuchukua mwaka kama kiasi, au chora kwa mkono kwenye karatasi ya miraba.

Hatua ya 8: Fupisha kwa namba chache, na uitumie mediani kukagua makosa

Jumla ya milimita zetu ni 2,684, na tukigawa kwa 20 tunapata wastani wa 134.2. Mediani, yaani thamani ya katikati baada ya kupanga kutoka ndogo hadi kubwa, iko kati ya mtoto wa 10 (134) na wa 11 (135), hivyo ni 134.5. Namba hizi mbili zimekaribiana, ishara kwamba data hazijaelemea upande mmoja.

Sasa tuseme aliyeingiza data alibonyeza sifuri ya ziada, na 142 ikawa 1420. Wastani unaruka hadi 198.1, mzunguko ambao hakuna mtoto hata mmoja katika kundi aliyeufikia. Mediani inabaki 134.5, bila kutikisika. Pengo la ghafla baina ya wastani na mediani ni mojawapo ya ishara za haraka kwamba kuna kosa la uingizaji, au kwamba wachache wamewazidi wengine kupita kiasi, kama inavyotokea katika kipato.

Mchoro wa kisanduku hukusanya namba tano: ndogo kuliko zote (112), robo ya kwanza, yaani katikati ya nusu ya chini (125), mediani (134.5), robo ya tatu, yaani katikati ya nusu ya juu (141.5) na kubwa kuliko zote (158). Kisanduku huchorwa kutoka 125 hadi 141.5, mstari wa mediani hukatiza ndani yake, na mikia hutoka kwenda 112 na 158. Kwa kundi moja mimi naona shina na majani ni bora. Kisanduku hung'aa pale unapolinganisha vijiji vitano vilivyosimama bega kwa bega.

Hatua ya 9: Vigeu viwili kwa pamoja

Sifa kwa sifa, mfano elimu ya mama na rangi ya mkanda, zinataka jedwali lenye mistari ya kigeu kimoja na safu za kingine, na asilimia zikokotolewe ndani ya kila kundi la elimu, siyo kwa jumla ya wote. Sifa kwa kiasi, mfano jinsi na milimita, zinataka visanduku viwili sambamba. Kiasi kwa kiasi, mfano umri na uzito, vinataka grafu ya nukta, kila nukta ikiwa mtoto mmoja. Nukta iliyokaa peke yake mbali na wenzake ifuatiliwe hadi kwenye daftari kabla ya kufikiriwa kuifuta, kwa sababu inaweza kuwa kosa la kalamu, na inaweza pia kuwa mtoto anayehitaji msaada leo.

Hatua ya 10: Andika maelezo ya chini ya mchoro

Mchoro husafiri bila mwenye nao: hukatwa, hupigwa picha, hutumwa kwenye simu. Kwa hiyo kila kitu kinachohitajika kuuelewa kiwe ndani yake: kigeu ni kipi, kizio chake ni nini, ni watu wangapi, wamepatikanaje, na nani hakuingia. Kwa histogramu yetu ningeandika hivi: «Mzunguko wa mkono wa juu wa kushoto (milimita), watoto 20 wa miezi 6 hadi 59, data za mazoezi, vikundi vya milimita 10 kuanzia 105, mipaka ya 115 na 125 ikiwa ndiyo mipaka ya rangi za mkanda.»